Marehemu Hapandi Ngazi

Mshauri mpenzi, nisaidie kabla ya Jumanne, maana usingizi wangu umekuwa mtupu kama nyumba iliyohamwa. Mimi ni mjane wa hapa Tashkent, nyumba yetu ni ya chini, ina ua na mzabibu, siku za joto nalala uani chini ya majani, mwezi unachungulia, na marehemu mume wangu Turgun alikuwa akinijia ndotoni hapohapo, anakaa ukingoni mwa kitanda, anakata tikiti, hasemi kitu, naamka nimeshiba. Basi mwezi uliopita manispaa ikaita mkutano wa kusikiliza maoni, wanataka mtaa wetu uruhusiwe majengo ya ghorofa tisa, kila familia ipewe nyumba yake humo, sisi wazee tukapinga, lakini nikaona tunashindwa, nikasimama nikasema, "Jana Turgun kanijia analia, anasema, Hosiyat, kila Alhamisi unanikaangia unga ili harufu ya mafuta inifikie, mimi naujua mlango wa uani tu, huko juu nitakupataje?" Ukumbi mzima ukalia, hata yule kijana wa manispaa aliyeleta ramani akavua miwani, uamuzi ukaahirishwa hadi Jumanne hii, lakini mshauri, Turgun hakunijia, ndoto niliitunga nikiwa nimesimama.

Sasa mwanangu Mirzohid, mkewe Dilrabo na watoto watatu wanabanana kwangu chumba kimoja, walikuwa wanaisubiri ghorofa kwa hamu, na jioni ile Dilrabo alinijazia bakuli la chai hadi pomoni, kama tunavyomjazia mgeni tuliyemchoka, akaniuliza taratibu, "Mama, na baba hakuuliza wajukuu wanalala wapi?" Majirani nao wananiambia, "Jumanne dada irudie ileile, ila ulie zaidi kidogo." Na tangu siku ile Turgun hajanijia tena, nalala nangoja, majani tu yanacheza. Nikisema kweli nitachekwa, nikirudia naogopa hatarudi kamwe. Nifanyeje?
Hosiyat

Dada Hosiyat,

Pole sana. Sasa kaa vizuri nikukaripie. Umemtoa marehemu kwenye mapumziko yake ukamburuta hadi mkutano wa manispaa, mahali ambapo hata walio hai hutafuta udhuru wasiende. Ningekuwa yeye, ningekaa mbali na wewe wiki mbili tatu.

Kupinga ghorofa si kosa. Mtu anayependa kulala akitazama mwezi ana haki ya kusema hivyo hadharani. Kosa ni kumtilia sahihi mtu asiyeweza kukanusha.

Leo hii, kabla chai haijachemka, nenda chumbani kwa Dilrabo. Usimwite kwako, nenda wewe, ukae sakafuni kati ya yale magodoro yaliyokunjwa, umwambie uliitunga. Akinuna, mwache anune.

Jumanne usilie hata tone. Sema, "Ndoto ilikuwa yangu, na anayeogopa ni mimi." Watakucheka mpaka harusi ijayo ya mtaani, kisha watapata wa kumcheka mwingine. Halafu taja unachotaka: ghorofa nne badala ya tisa, nyumba ya ghorofa ya chini kwa ajili yako, ua ubaki. Hakikisha karani ameandika.

Kuhusu Turgun siwezi kukuahidi kitu, kazi yangu ni walio hai. Ukimaliza kusema, mpe Dilrabo kipaza sauti. Na akiomba zijengwe zote tisa, usitikise kichwa.