Theluji Mlangoni kwa Mzee Surjit

Landani, Januari 8, asubuhi

Chamgei, Baba,

Uko mzima? Kifua kimetulia? Na yule ng'ombe mwekundu bado anapiga mateke ukimkamua? Ningekupigia simu kama sikio lako lingekuwa linashika, lakini acha nikuandikie mbio mbio humu kwenye simu.

Unakumbuka nyumba ninayopanga, ya Mzee Surjit, yule Singasinga mzaliwa wa Nakuru anayefuga farasi nje kidogo ya Ilford. Tangu juzi theluji inaanguka bila kupumzika. Nimezoea ile theluji ya Landani ya kudanganya, asubuhi iko, mchana imeyeyuka. Hii ni nyingine kabisa! Njia yote ya kuteremkia barabara kuu haionekani, na mahali pengine upepo umeirundika hadi kiunoni.

Sasa sikia. Zahra, mwenzangu wa chumba cha pili, yule wa Lamu ambaye figo zake zilikufa, amepigiwa simu na hospitali. Figo imepatikana! Wanamtaka leo, upesi, la sivyo atapewa mtu mwingine. Baba, amengoja simu hiyo miaka. Tulipiga kelele hadi farasi wakashtuka bandani. Kisha tukatazama dirishani, tukaiona theluji.

Ambulensi iko pale chini, imeshindwa kupanda. Wahudumu walijaribu kwa miguu, wakazama hadi mapajani, wakarudi. Zahra mwenyewe hatembei. Jana theluji ilimzuia kwenda kusafishwa damu kwa mashine, na sasa maji yamemjaa mwilini. Hatua mbili tatu, anahema.

Mzee Surjit ana trekta lenye kijiko kikubwa mbele, lakini asubuhi hii aliteleza akienda kulisha farasi, na mkono umevimba kama andazi. Ananitazama mimi. Baba, nataka kulipanda. Niambie lolote unalojua.

Binti yako,
Priscilla


Kitale, siku hiyo hiyo

Binti yangu,

Mimi mzima, kifua hakinisumbui. Huyo Zahra nimemfurahia kama wangu. Lakini trekta usiliguse. Umesema mteremko, umesema barafu. Ulikuwa mdogo tulipomtoa baba yako mdogo chini ya trekta, kwenye mteremko kama huo. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Tafuteni sepeto, iteni majirani. Nakukataza.

Baba yako


Landani, bado asubuhi

Baba,

Nimesoma, nikalia kidogo. Majirani wa karibu ni wazee wawili, nao wamefungiwa ndani. Sepeto tumejaribu, tumechimba hadi mikono ikafa ganzi, na bado tuko mbele ya banda la farasi. Zahra amekaa karibu na mlango, amevaa koti, mkoba uko magotini.

Wewe ndiye uliyenifundisha kulima na trekta kabla sijaenda chuo, na ulikuwa ukiwaambia watu kwamba mistari yangu imenyooka kuliko yako. Nimeshakaa kitini, Baba. Injini inanguruma. Niambie la kufanya, au nitakwenda bila kuambiwa.

Binti yako


Kitale

Haya. Ukaidi ni wa mama yako huo. Soma yote kabla hujaondoa mguu kwenye klachi.

Nyuma una nini? Kijiko kikijaa, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi na yanateleza. Funga nyuma mzigo mkubwa wa nyasi, au chochote kizito. Unganisha pedali mbili za breki ziwe kitu kimoja, la sivyo gurudumu moja litashika na jingine litakimbia. Tia gia ya chini kabisa, na ukiteremka usikanyage klachi, hata ukiogopa vipi. Kijiko kikae karibu na ardhi. Ukikipandisha juu ndipo linapopinduka. Chota kidogo, sukuma kando, rudi nyuma, chota tena. Usikwangue hadi chini. Likianza kuteleza, shusha kijiko kikamate ardhi. Na usithubutu kumbeba mtu ndani ya kijiko, hata akikusihi.

Theluji sijawahi kuiona. Nasema kama mtu wa matope. Funga mkanda, uende.

Baba yako


Kitale, mchana

Priscilla, mmefika wapi?

Baba


Kitale, jioni

Mwanangu, mchungaji alikuja kunitembelea, nikamwambia leo sina maongezi, aombe tu. Maziwa yamemwagika, sikujali. Kama unadhani nimekasirika, sijakasirika. Andika hata neno moja.

Baba yako


Landani, Januari 9

Baba mpendwa,

Mimi mzima, na viungo vyote viko mahali pake! Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Simu ilinidondoka thelujini, na leo ndipo Mzee Surjit ameiona. Nimeikausha, ndiyo hii inafanya kazi.

Baba, ungeona! Mzigo wa nyasi nyuma, breki zimeunganishwa, kijiko chini. Mzee Surjit alitangulia kwa fimbo, mkono umening'inia kwenye skafu, akichoma theluji kutafuta kingo za njia. "Kushoto kuna mtaro!" anapiga kelele. "Njoo kwangu, mama, njoo kwangu!" Mwanzoni nilichota kwa pupa, trekta likagoma, magurudumu yakazunguka bure. Nikakumbuka: kidogo kidogo. Theluji ikaanza kutoka kwa mabonge, nikiirundika kando, njia ikafunguka nyuma yangu, nyeusi na nyembamba. Nilianza kuimba, Baba. Sijui hata nilikuwa naimba nini.

Penye kona, kijiko kikagonga jiwe lililojificha. Trekta likageuka ubavu, likaanza kuteleza kuelekea mtaroni, taratibu, kama linakwenda kwa hiari yake. Mzee Surjit alikuwa upande huo huo. Nikapiga yowe, "Toka hapo, Mzee!" Mguu wangu ulitaka klachi, nikaukatalia. Nikashusha kijiko. Kikauma ardhi, trekta zima likatetemeka, likasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa ukingoni kabisa.

Nilimwona baba mdogo, Baba. Mzee Surjit akaja akashika gurudumu, akasema polepole, "Pumua. Halafu rudi nyuma. Sina haraka mimi." Uongo mtupu, sote tulikuwa na haraka! Lakini nilipumua. Nikarudi nyuma.

Tulipotokea barabara kuu, wahudumu walinipigia makofi kama nimeshinda mbio. Waliipandisha ambulensi kwa njia niliyoifungua, wakamshusha Zahra akiwa amefungwa blanketi. Aliomba kunishika mkono. Alisema tu, "Pris, wallahi," na mlango ukafungwa.

Walimpasua jana hiyo hiyo. Daktari anasema figo imeingia vizuri, lakini haijaanza kazi. Huenda ikaamka, huenda ikakataa. Ndipo tulipo.

Binti yako


Kitale, Januari 9

Binti yangu,

Nimesoma mara nyingi. Pale kwenye kona nilisimama, nikatoka nje, ndipo nikaweza kurudi kumalizia. Umelizuia. Mimi na wenzangu siku ile hatukuweza.

Niambie habari za figo, iwe heri au iwe vinginevyo.

Baba yako


Landani, Januari 10

BABA!

Salamu baadaye! Usicheke, na kama kuna wageni waambie wazibe masikio: Zahra amekojoa! Mtu ambaye tone halijamtoka tangu nimjue! Nilikuwa pale pale kitandani kwake. Nesi aliinua mfuko juu kama kombe, Zahra analia, mimi nalia, mgonjwa wa kitanda cha pili hatumjui hata jina, naye analia. Daktari akaja mbio akidhani kuna msiba. Alipoutazama mfuko akasema hajaona kitu kizuri hivyo wiki nzima. Figo imeamka, Baba! Imeamka!

Binti yako mwenye furaha


Kitale, Januari 11

Wanangu wote wawili,

Natumaini mnaendelea vyema na baridi imelegea. Sisi huku ni wazima.

Leo ni Jumapili. Wakati wa shukrani nilisimama mbele nikasema: ndugu zangu, nina neno kutoka Landani. Nikawasimulia trekta, mtaro, kijiko, hadi mkojo wenyewe. Mchungaji akaninong'oneza, akiuliza kama neno hilo linafaa mimbarini. Nikamwambia leo linafaa. Akina mama wakasimama, wakapiga vigelegele hadi watoto wa darasa la Jumapili wakatoka mbio kuja kuona.

Mzee mmoja wa benchi la nyuma, asiyesikia vizuri kama mimi, akauliza kwa sauti kubwa: "Mkojo wa nani?"

Nikasema: "Wa binti yangu, Zahra."

Baba yenu