Kiti cha Majigambo

Nyumba ya Labarthe, Gaskonia, Ufaransa
9 Februari 1964

Mwanangu Maylis,

Nakusalimu kwa mapenzi. Kifua chako kimepona? Soksi za sufu zimefika? Mimi sijambo, ila goti linalalamika asubuhi.

Usijilaumu kwa kukosa mazishi ya Baba yako. Bahari ikichafuka meli haivuki, basi. Watu walijaa mpaka uani. Supu ya kabichi na bata iliisha, nikapika nyingine. Bereti ya Baba yako bado iko kwenye msumari wake. Naipangusa vumbi, lakini siihamishi.

Nina jambo moja. Unajua Baba yako alifariki akiwa ndiye mshindi wa kile kiti cha mawe pale sokoni, wanapokaa kila Agosti kushindana kwa majigambo. Mshindi akifa, nyumba yake huitwa ya kwanza, na mtu wake hukaa kitini kumsemea majigambo ya mwisho. Nyumba isipoitika, jina lake haliitwi tena pale. Juzi alikuja Firmin Dastugue, msimamizi wa mashindano na rafiki wa Baba yako. Aliimaliza glasi yake ya kwanza ndipo akafungua mdomo.

"Marceline, Agosti nani ataitika?"

"Si mimi hapa."

"Shemeji, wewe uliletwa na mkokoteni pamoja na kabati lako la harusi. Anatakiwa wa damu."

"Nimelala kitanda cha nyumba hii tangu wewe hujaota ndevu."

"Hata paka amelala humo," akasema, na akajimiminia tena.

Wa damu ni wewe peke yako. Njoo, mwanangu.

Mama yako


Barnsley, Uingereza
1 Machi 1964

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona, soksi ninazo miguuni sasa hivi. Goti lifunge kitambaa chenye mafuta ya bata, usilikaidi.

Mama, sitakuja kukaa kwenye kile kiti. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Wiki iliyopita, katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja alikuwa akijisifu jinsi alivyovua samaki. Bwana Pettifer wa historia akamwambia, "Hiyo ni gaskonadi tupu." Nikadhani nimesikia vibaya. Nikafungua kamusi. Neno lipo, Mama. Maana yake ni majigambo, maneno makubwa ya mtu asiye na kitu. Na chini yake wameandika asili: limetokana na Wagaskoni. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwetu. Siku hizi nikiingia kunywa chai, Pettifer anauliza, "Bibi wa Gaskonia, leo umeua majitu mangapi?" Wote wanacheka.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Nilipokuja huko Krismasi ya mwaka juzi, mke wa mwoka mikate aliniuliza kama watoto wa mabwana wakubwa ninaowafundisha huja shule na wapambe wao. Baba ndiye aliyemwambia. Nilichukua mkate wangu nikatoka. Ninafundisha watoto wa wachimba makaa. Kila nikirudi nyumbani lazima nirudi nikiwa yule binti aliyetungwa na Baba, na mimi siye. Nilimpenda, Mama, lakini yule binti ananifungia mlango.

Acha jina lisiitwe. Nani atakufa?

Mwanao, Maylis


Nyumba ya Labarthe
12 Aprili 1964

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limesikia mafuta ya bata, ahsante. Bata bukini mmoja anaatamia, na mizabibu imeanza kuchipua upande wa jua.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu wa zamani, Bwana Cazaux, nikamuuliza habari za hilo neno. Hakushangaa. Alisema zamani nyumba na shamba vilikwenda kwa mtoto wa kwanza, kama ambavyo bado wengine wanafanya. Wadogo waliondoka na farasi mchovu na upanga wa babu, wakaenda kuwa askari wa mfalme. Huko walikuta vijana wenye mali na majina. Wao hawakuwa na kitu ila mdomo. Basi wakautumia. Wakisema watauteka mnara kabla ya kifungua kinywa, ilibidi wakauteke kweli, maana wameshasema mbele ya watu. Wenye mali wakachukia, wakawatungia neno.

Nimelifikiria sana nikichambua maharage, nikaona silionei haya. Watu hawamtungii neno mtu wasiyemwona.

Unakumbuka mwaka wa mvua ya mawe? Ulikuwa mdogo. Mizabibu yote ililala chini. Baba yako aliingia amelowa, akakaa. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa aproni. Akasema, "Marceline, umeona ukubwa wa yale mawe? Jirani wamepata vikokoto tu. Mbingu inajua kuheshimu nyumba." Nikacheka nikiwa nalia. Tukala. Kesho yake alikwenda kukata mashina. Hakumdanganya mtu, mwanangu. Alikuwa anajiinua asimame tena.

Lakini kuhusu yule binti aliyetungwa na Baba yako, una haki. Hilo hakupaswa kulifanya, maana wewe hukuwa mvua ya mawe.

Agosti nitakaa mwenyewe. Firmin na aseme atakavyo.

Mama yako


Barnsley
30 Mei 1964

Shikamoo Mama,

Sijambo. Nakuomba usikae. Watakutoa pale mbele ya watu wote na mimi nitakuwa mbali. Au watakuacha useme, nawe utaniita tena kwa jina la yule binti. Sijui lipi baya zaidi.

Maylis


Nyumba ya Labarthe
17 Agosti 1964

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Kimya chako kimekuwa kirefu, lakini nakusalimu vilevile. Mimi mzima, na nimechoka vizuri.

Jana waliita, "Nyumba ya Labarthe." Nikatoka na nguo nyeusi, nikakaa. Jiwe lilikuwa la moto.

"Shemeji, inuka," Firmin akasema. "Unatutia aibu."

"Ninyanyue, kama unaweza. Nimekula."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, basi nikaendelea. Nikasema mume wangu Odet mauti yalimjia mara nyingi, yakasimama mlangoni, yakakosa nafasi ya kupenyeza neno. Mwishowe ikabidi yamvizie usingizini, kama mwizi wa kuku. Walipiga meza kwa shangwe. Bwana Cazaux alilia.

Kisha nikasema, "Sasa najigamba kwa ajili yangu. Nina binti Uingereza. Hafundishi watoto wa mabwana. Anafundisha watoto wa wachimba makaa, darasani mna jiko moja linalotoa moshi, na anawajua wote kwa majina. Nimemaliza."

Wakangoja. Firmin akauliza, "Na majigambo yako wapi?"

"Ndiyo hayo."

Hakuna aliyepiga meza. Mke wa mwoka mikate aliangalia viatu vyake. Nilidhani nimekwisha. Firmin alivua bereti, akaikunja, akaivaa tena. Akasema kwa sauti ya msimamizi, "Nyumba ya Labarthe imeitika."

Sasa hakuna anayekungoja huku ila mimi.

Mama yako


Barnsley
24 Agosti 1964

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisomea jikoni, nimesimama, koti mwilini.

Leo walimu tulikutana kuandaa muhula. Bwana Pettifer akaniuliza mbele ya wote kama ni kweli kwetu watu wote ni wa majigambo. Nikamwambia ni kweli, na kwamba mimi ndiye dhaifu kuliko wote kwa kujigamba, ndiyo maana nimeletwa kwenu, ili mweze kunimudu. Nikamimina chai.

Shule inafunguliwa katikati ya Septemba. Nafika huko nyumbani Jumamosi hii kwa treni ya jioni. Mwambie mke wa mwoka mikate aniulize chochote.

Binti yako,
Maylis wa Labarthe