Mwili wa Kwenda Columbus

Louisville, Kentucky
30 Agosti 2015

Dada yangu mpendwa Veridiana,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limetulia kidogo tangu baridi ya Buffalo iishe. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi hapa Beechmont tunaendelea vizuri. Najua utashangaa kuona bahasha, mimi ambaye hukupigia kila Jumapili. Lakini wewe ukipika huweka simu kwenye spika, nyumba nzima inanisikia, na leo nina neno la kwako peke yako. Tafuta kiti ukae.

Nianze na Adriano wangu, ambaye ni mwanao pia. Unajua alipata nafasi katika chuo kimoja kule Columbus kwa sababu ya kurusha mpira wa besiboli, mchezo ambao mpaka leo sielewi kwa nini wanaokimbia ni wachache na waliosimama ni wengi. Kocha wa chuo alikuja kumtazama mwezi wa tano, akasema mkono ni mzuri sana ila mwili bado, na kwamba mwaka wa kwanza chuoni utamvunja asipojiandaa. Akamwagiza likizo nzima ale sana, akimbie, ajinyooshe na kulala mapema. Tena mkono wa kulia usibebe kitu kizito.

Hilo la mwisho ndilo lililomkera Leopoldi. Mume wangu anainua maboksi ghalani tangu tulipofika nchi hii, na sasa anamwona kijana wake mwenye mabega mapana akitoka dukani nyuma ya mama yake, mama kabeba maji, mtoto kabeba mkate kwa mkono wa kushoto. Akina mama wa kwaya walianza kuniuliza kwa upole kama Adriano alianguka.

Basi tukaanza kazi ya kumlisha. Asubuhi ugali na maharage, kabla ya mchana mayai, mchana wali na samaki, na hivyo hivyo mpaka usiku. Kila alipokula nilikaa naye nikala kidogo, maana mtu hali peke yake kama mgonjwa. Yeye hakuongezeka hata shavu. Sketi zangu ndizo zilizokataa kufungwa. Leopoldi alifurahi sana, akatangaza kwamba mpango wa kocha unafaa familia nzima.

Mbio nazo zilituletea aibu. Adriano alikuwa akikimbia barabarani na begi la mgongoni ambalo alilijaza mchele. Siku moja Mzee Bagula, yule Mkongomani wa kanisa letu, akamwona, akasimamisha gari na kumwamuru aingie. Akatuletea hadi mlangoni. “Bon, mama Adriano,” akasema huku anahema kuliko mkimbiaji mwenyewe, “huyu mutoto, nani anamufukuza? Na huu muchele ni wa nani?” Nilimweleza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba pale pale kwa ajili ya kijana wetu ili Mungu amrudishie akili.

Halafu kulikuwa na mipira mirefu ya kuvuta, ya kuimarisha bega. Adriano aliifunga kwenye kitasa cha mlango wa choo, akavuta mpaka kitasa kikang’oka. Leopoldi alikuwa ndani, na shifti yake ilikuwa karibu kuanza. Tulimtoa kwa kisu cha mezani. Hakusema neno, lakini alipofika kazini alinipigia simu ili aseme yote.

Kudaka mipira ikawa kazi yangu, kwa kuwa baba yake hurudi usiku. Nilikalia ndoo kwenye nyasi nyuma ya jengo, glavu mkononi, naye akinirushia taratibu. Nilianza kuipenda kazi hiyo, Dada. Ule mlio wa mpira ukiingia kwenye ngozi unafurahisha. Ila mwezi wa saba, siku ya joto, nilisimama kutoka kwenye ndoo nikaona jengo linazunguka, nikakaa chini.

Adriano alikuwa na siku yake ya kupimwa na daktari kabla ya chuo, akasisitiza nami nionwe. Yeye alipita vizuri. Zamu yangu ilipofika, mkalimani wa kwenye simu akawa anakatika kila mara, kwa hiyo mtoto ndiye aliyetafsiri. Daktari alirudi na majibu, akaongea. Adriano akamwomba aseme tena. Unajua yeye hunijibu Kiingereza nyumbani, Kiswahili chake kigumu ni cha kanisani tu. Akanishika bega. “Mama, usiogope,” akasema. “Umechukua mimba.”

Nilimwambia tusifanye mchezo wa malaika wa Krismasi mbele ya daktari. Akarudia, machozi yakimtoka.

Ndiyo, Dada. Mimi, kwa miaka yangu arobaini na miwili. Wewe unajua tulivyoomba baada ya Adriano, na jinsi tulivyoacha kuomba.

Baada ya siku chache simu ya Adriano ikalia akiwa anaoga, nikaona ni kocha, nikapokea. Nilielewa maneno machache, lakini yalitosha: mtoto alikuwa amemwandikia kwamba haji tena, atabaki kumsaidia mama. Sikuwa na Kiingereza cha kueleza. Nilichukua kile ninachotumia kazini kiwandani, nikamwambia Adriano anakuja, Adriano anakula, Adriano anakuja. Kocha aliitikia kwa heshima. Adriano alipotoka bafuni nilimwambia kwamba mwanangu wa pili hatazaliwa akiwa na deni la kumzuia kaka yake, na kama anataka kunisaidia, amwambie baba yake habari ya mimba, kwa sababu mimi nimeshindwa.

Akamwambia kweli, Jumapili baada ya ibada. Leopoldi alitutazama mmoja mmoja, akatoka, akaosha gari ambalo lilikuwa safi. Aliporudi, macho mekundu, alisema tu kwamba huyu anayekuja atacheza mpira wa miguu. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekaa kwenye ndoo kila alipokuwa na mapumziko. Kidole gumba kimevimba na hakubali kitazamwe.

Jumamosi iliyopita tulimpeleka Columbus. Kocha alimpima, akatikisa kichwa, akasema watamalizia wao kumnenepesha. Adriano alinikumbatia kwa uangalifu kama yai, akaingia bwenini bila kugeuka. Nilimshukuru kwa kutogeuka.

Sasa neno langu. Daktari anasema nitajifungua mwezi wa kwanza, mwaka ujao. Adriano nilimzaa kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mvua inapiga turubai, wewe ukiwa umenishika mgongo na kunikemea nisiogope. Hapa wana mashine nyingi na wauguzi wema, ila hakuna anayejua kunikemea. Omba ruhusa kazini kwako, uje unishike tena.

Kwaya bado haijui, na usimwambie shemeji mpaka umalize kucheka. Msalimie, wabusu watoto, na goti lifunge kitambaa cha moto. Mungu akulinde kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Margareta