Hapa Hatufuniki

Jumatano, 5 Februari 2025

Wamenichukua! Mimi Marcelina, niliyeishia kidato cha pili kwa sababu Roza alikuwa anakuja — chuoni! Stashahada ya muziki wa dansi na jazi. Wenzangu wana vyeti, mimi nina sikio. Mwalimu Adolf alipiga kinanda, nikaimba nilichosikia. Akapiga kigumu zaidi, nikaimba. Akasema basi, huyu aingie, kusoma noti atajifunza humo humo.

Nimeshuka ufukweni Katonga nusu nakimbia. Mama alikuwa anapindua dagaa juani. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza: stashahada ya kuimba? Kwani hujui kuimba? Nikacheka. Roza naye kacheka, hajui anachekea nini. Ana miaka mitatu tu, mwanangu.

Jioni nimempigia Roza makofi kaimba wimbo wetu. Mgebuka, mgebuka, toka majini tukupike. Yeye anasema "gebuka". Na pale kwenye "tukupike" anawahi kabla ya kofi. Kila siku anawahi palepale! Napandisha sauti, namfunika, tunafika wote.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimeujua mtindo wa Mwalimu. Tukiwa tunapiga na mmoja akikosea, hapo hapo wote tunaacha. Vyombo kimya, mikono magotini, macho kwake. Hakuna kusema neno. Aliyekosea anaanza peke yake, toka mwanzo. Akikosea tena, tena mwanzo. Mwalimu anaita Kimya. Sisi tunaita kuzimiwa, kama umeme wa mtaani.

Mimi sikujua. Feliksi, yule wa dramu, aliteleza. Nikafanya tunavyofanya kwaya, na harusini, na popote nilipowahi kuimba — mwenzio akiteleza unapandisha sauti, unamfunika, anajificha humo mpaka ashike njia. Bibi alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusuka.

Mwalimu kapiga meza. Nani kafunika? Nikanyoosha mkono — nilidhani nasifiwa!

"Hapa hatufuniki, Mama Kwaya. Anayefunikwa ni maiti."

Darasa zima kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Feliksi, na ni yeye niliyemfunika.

Nimezimiwa mara sita leo. Macho kumi na moja. Nimehesabu watu, siyo macho.

Alhamisi, 27 Februari

Karatasi itaniua. Mistari mitano na vidoa, vidoa, vidoa. Nikisikia mara moja naimba. Nikitazama — hakuna kitu. Nilijaribu kumwambia Mwalimu kwamba kwaya tunasoma do-re-mi, naijua kidogo. Akasema hiyo niiache kule kule kanisani na viatu vya Jumapili. Akasema nasoma noti kama mtu anayetoa miba ya samaki gizani. Feliksi akaongeza: "Mama Roza, taa ya karabai tukuletee?"

Nimezimiwa kumi na nne.

Nililia nyuma ya stoo ya vyombo. Astérie akanikuta. Ndiye wa gitaa la besi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, mama yake sasa yuko Kagunga, kule mpakani, anaanika dagaa kama mama yangu. Hasemi sana. Hakunibembeleza. Kachukua daftari lake kanichorea kichanja chenye nyaya tano, juu yake samaki.

"Mgebuka mzima, mapigo manne. Umkate katikati, mawili. Huyu mwenye mkia, moja. Dagaa huyu, nusu. Yuko waya wa ngapi?"

Wa tatu, nikasema.

"Basi umesoma. Ulifikiri nini, uchawi?"

Kaniachia daftari nije nalo nyumbani. Nimesoma samaki mpaka Roza kalala juu ya mguu wangu, mguu umekufa ganzi, sikutaka kumwamsha.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu kaandika ubaoni kwa herufi kubwa: UENDELEVU. Feliksi akauliza maana yake. Mwalimu: "Maana yake wafadhili wanaondoka Juni, na mimi naondoka, na nyie mnabaki na vyombo vibovu."

Mwaka wa pili hakuna. Ila chuo hakifi. Kitachukua wanafunzi wa hapa hapa, watalipa wenyewe, na mmoja wetu atabaki kuwa mwalimu msaidizi. Mmoja! Lazima asome noti na lazima asikie. Kasema anataka mtu anayesikia kosa kabla halijamtoka mkosaji.

Kataja majina mawili. Astérie. Halafu — nilidhani anakohoa — mimi.

Kila mmoja ataongoza bendi siku moja mbele yake. Akisikia kosa, anainua mkono, wote wanazima.

Msaidizi! Mshahara wa kila mwezi. Roza aende chekechea, avae ile sare ya bluu. Nimeona mpaka soksi.

Jumatano, 12 Machi

Leo kazimiwa mdogo wetu wa tarumbeta, mara ishirini na mbili, midomo ikavimba. Akaomba maji. Mwalimu kasema maji yako ziwani, yamejaa. Nilimtazama Mwalimu wakati ule. Hakufurahi, siyo hivyo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemeza dawa. Kasema yeye alizimiwa miaka minne huko alikosoma, na aliyemfundisha alikuwa anarusha kiti. "Mimi siwarushii kiti. Jukwaa ndilo litawarushia."

Mimi nikiwa mwalimu nitafundisha kwa samaki. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Ijumaa, 21 Machi

Siku nzuri! Leo nimesoma ukurasa mzima, juu mpaka chini, sikuzimiwa hata mara moja. Hata Feliksi kanipigia ukingo wa ngoma, tak-tak.

Mchana Astérie kaja nyumbani, kaniongezea masomo. Nimemuuliza kwa nini ananifundisha wakati nafasi ni moja. Kasema: "Nikikushinda hujui kusoma, nitakuwa nimeshinda nini?" Akasema asipopata anarudi Kagunga kwa mama yake, kwenye vichanja. Kasema hivyo huku anamfunga Roza mgongoni. Roza hataki kushuka kwake. Anamwita Tate.

Roza kamwimbia mgebuka. Pale kwenye "tukupike" kawahi, kama kawaida. Astérie kapandisha sauti, kamfunika. Tukatazamana mimi na yeye.

Jumanne, 25 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Astérie kuongoza, huku anapiga besi. Mimi naimba kutoka kwenye karatasi.

Nimekosea. Kipimo cha tisa, mgebuka mzima mimi nikamkata katikati. Nikasubiri Kimya. Astérie kasikia — nimemwona kope zikicheza. Mkono wake haukuinuka. Kazidisha besi, nzito, ikajaa chumba chote. Nikajificha humo. Nikashika njia.

Kanifunika. Yeye! Siku ya mtihani wake!

Mwalimu kaandika kitu, kafunga kalamu. Kasema, kesho Mama Kwaya, tuone kama wewe una masikio au una marafiki.

Jumatano, 26 Machi

Nimepata. Ni mimi.

Sina la kuandika.

Alhamisi, 27 Machi

Niandike sasa.

Tulianza vizuri. Mimi mbele, naimba na kuongoza, Astérie besi, Feliksi dramu, wale wengine. Mwalimu hakuwa anawatazama wao. Ananitazama mimi. Mkono wangu.

Kipimo kile kile cha tisa, kidole cha Astérie kikateleza. Sauti moja tu. Wala siyo sauti nzima, nusu — dagaa. Feliksi hakusikia. Hakuna aliyesikia, naapa, ila sisi watatu, mimi, yeye na Mwalimu. Sauti yangu ilikuwa juu tayari, kidogo tu ningeongeza ningemfunika. Nikasema moyoni, mfunike. Mfunike, Marcelina. Nikaziona zile soksi.

Mkono ulikuwa juu.

Wakazima wote. Vyombo kimya, mikono magotini, macho kwake. Nami macho kwake, ndiyo sheria. Astérie kanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo siyo lake. Kisha kaanza peke yake, mwanzo. Kakosea. Mkono wangu. Mwanzo. Kakosea. Mkono. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na mimi nilivisikia vikitetemeka kabla havijagusa waya. Hilo ndilo linanitisha. Nilisikia kosa kabla halijamtoka.

Mara ya nne hakuanza. Kachomoa waya wa gitaa, kaukunja taratibu, duara juu ya duara, katundika gitaa kwenye msumari wake.

"Asante, Mwalimu."

Mwalimu Adolf alikuwa nyuma yangu. Astérie kasema hivyo ananitazama mimi.

Baadaye Mwalimu kanipa mkono. Kasema wafadhili watafurahi, chuo kimepata mtu. Kimya kiendelee nikiondoka, kasema, hicho ndicho ninachowaachia. Nikasema ndiyo Mwalimu. Nilitaka kumwambia habari za samaki. Nikasema ndiyo Mwalimu.

Feliksi langoni: "Shikamoo, Madamu." Hakuwa anatania. Hicho ndicho kibaya, hakuwa anatania.

Jumamosi, 29 Machi

Roza kaja na mikono yake imelowa, twende, Mama, makofi. Nimempigia. Mgebuka, mgebuka. Kaimba vizuri, kelele, anaruka. Pale kwenye "tukupike" kawahi.

Makofi yangu yakaacha. Sikuyaacha mimi! Yaliacha. Mikono magotini. Macho kwake.

Kacheka, kadhani ni mchezo mpya. Kaanza tena toka mwanzo. Kawahi. Na mimi — tena! Nilikuwa nimekaa pale najiona, kama ninavyomwona mtu wa ng'ambo, siwezi kumfikia. Mara ya tatu hakuimba. Kaweka vimikono vyake magotini kwake. Kanitazama.

Nimemkumbatia. Nimemwambia imba, mama, imba mwanangu, Mama alikosea. Nimempa andazi. Kala andazi. Hakuimba.

Mama alikuwa mlangoni na ungo wake. Kasema: "Ile stashahada imefika mpaka jikoni." Akaenda kupindua dagaa.

Jumapili, 30 Machi

Roza hajaimba. Kanisani kafumba mdomo, wenzake wote wanaimba.

Mchana nimemkuta nyuma ya nyumba. Kamwegemeza mtoto wake wa gunzi ukutani, kamfunga na kitambaa changu. Anampigia makofi. Pa, pa, pa. Kisha kaacha. Mikono magotini. Anamtazama gunzi.

Kamtazama muda mrefu sana.

Jumanne, 1 Aprili

Jumatatu ijayo naanza kazi. Wanafunzi tisa wameandikishwa. Nitafundisha kwa samaki, kwa daftari la Astérie. Nitawaambia mwenzio akiteleza mfunike. Nitafanya hivyo. Mwalimu bado yupo mpaka Juni, atakaa nyuma ananitazama mkono, lakini baada ya Juni nani ataniona? Miezi miwili tu nivumilie. Miezi miwili watoto wa watu wazimiwe kidogo — halafu nitawaponya.

Nimesoma nilichoandika. Sijui.

Jumatano, 2 Aprili

Astérie yuko nje. Kaja na begi lake, boti ya Kagunga inaondoka Kibirizi saa sita. Nilitoka nikamwambia karibu. Kasema: "Sikuja kwako. Daftari langu." Nikasema ngoja nilichukue ndani. Nimeingia. Nimelikuta chini ya godoro, ninalo hapa magotini, na sijatoka. Nina Jumatatu. Bila hili nitafundisha nini? Nilikuwa nataka kunakili angalau kurasa mbili, nimefungua shajara badala yake.

Namsikia anaongea na Roza.

"Tate anaondoka. Niimbie basi."

Kimya.

"Aa, umeng'atwa ulimi? Nani kaula? Gebuka kaula?"

Roza kacheka! Mara ya kwanza toka Jumamosi.

Makofi. Ni ya Astérie, nayajua, ya taratibu. Hakuna sauti. Makofi tu. Haachi, hamwambii kitu, anapiga tu. Mama naye kasimamisha ungo, sisikii dagaa.

Ameanza. Mungu wangu. Kwa chini chini, kama anaiba. Gebuka, gebuka —

Kawahi. Palepale.

Astérie kapandisha sauti, kamfunika, wameendelea wote. Na mimi humu ndani, peke yangu, mkono ulikuwa juu na kalamu yake. Nimeushusha ndipo nikaandika hili.

Wanaimba. Roza sasa anapiga kelele kabisa, anaita: "Mama, njoo! Mama, njoo uone!"

Daftari liko magotini. Mikono nayo magotini.