Mwanangwa Hakuwa na Kiu

Samuye, Jumapili jioni, Julai 1953

Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na mimi nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Acha niimwage hapa kabla giza halijaingia.

Leo Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, amemwomba mama yangu radhi mbele ya watu wote.

Niliomba ruhusa mgodini Geita ili nishuhudie. Mwaka jana binti wa Mwanangwa alipita hapa nyumbani akitoka kuokota kuni, akaomba maji, Mama akampa. Siku chache baadaye homa ikamchukua. Ulikuwa msiba mzito, na Mama alilia pamoja na wenzake. Lakini baba wa marehemu alikwenda kusimama kisimani akasema maji ya nyumba ile yasinywewe. Neno uchawi hakulitamka. Hakuwa na haja.

Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyekanyaga uani kwetu. Msimu wa kulima ulipofika, watu walizunguka na majembe yao shamba kwa shamba, la Mama wakaliruka. Nikamsihi aje tukae Geita, akakataa katakata. Baba amezikwa hapa, alisema, na yeye atazikwa hapa. Shauri likafika kwa mtemi, naye akaamua Mwanangwa achinje ng'ombe na kuomba radhi barazani. Kwetu watu wakishaila nyama ya namna hiyo, shauri limekwisha na halifufuliwi tena.

Mama aliamka na furaha. Alijipaka mafuta, akavaa nguo yake ya sikukuu, akaniambia Geita nitarudi peke yangu.

Mwanangwa anajua kusema, hilo simnyimi. Alisema jua likiwa utosini, jasho likimtiririka shingoni. Akautaja umoja wa kijiji, akamtaja mtemi, akayataja "maneno yaliyopita". Akasema kama kuna mtu aliyeumia, basi na asamehe.

Kama kuna mtu!

Mama alikuwa ameketi hapo hapo mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa mguu. Jina lake halikutajwa hata mara moja. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na vijana walikuwa wameshaanza kunoa visu.

Ndipo Mama akainuka. Alikuwa amekuja na kata ya maji, nami nilidhani ni ya kunywa yeye mwenyewe kwa ajili ya joto. Akapiga magoti mbele ya Mwanangwa, akaishika kata kwa mikono miwili.

"Umesema sana, baba, koo limekauka," akasema. "Kunywa."

Mwanangwa akayatazama maji, kisha akatutazama sisi.

"Wabeja, mayu," akamshukuru, akimwita mama. "Sina kiu."

Sina kiu! Na jua lile!

Funda moja tu lingetosha. Angekunywa, kesho yake uani kwetu kungejaa watu, na hotuba yake yote ningeisahau. Naamini bado anaogopa. Mtu aliyezika mtoto namhurumia, na angesema wazi kwamba moyo wake haujatulia ningemheshimu. Lakini amesimama akaomba msamaha kwa kosa ambalo bado analitenda.

Mama hakuinuka mara moja. Aliyanywa maji yale mwenyewe, taratibu, yote, kisha akashika njia ya nyumbani. Hakuna aliyemfuata isipokuwa kwa macho. Nyama ikagawanywa.

Mzee mmoja jirani yetu akanijia, midomo inang'aa mafuta. Nikampa shikamoo yake, maana nimelelewa.

"Masanja, mama yako ana moyo mgumu," akaniambia. "Mtu ameomba radhi, ng'ombe amelala chini. Anataka nini tena?"

Nikamuuliza kama yeye angeyanywa yale maji. Akajifuta mikono, akanishauri nikachukue nyama kabla haijapoa.

Kwa hiyo sasa mkosaji ni Mama. Asubuhi alikuwa ameonewa, jioni hii yeye ndiye aliyemwaibisha mkubwa wa watu barazani. Nyama imeliwa, na hakuna mahali pa kupeleka shauri tena.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anafunga mizigo. Kwa miezi nimembembeleza aje Geita, na leo amekubali bila mimi kufungua mdomo. Ningepaswa kufurahi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi kama mtoto.

Amekwenda kaburini kwa Baba, amekaa huko kidogo, amerudi. Hajamtukana mtu. Ameniuliza jambo moja tu: huko Geita, jirani akipita mlangoni huomba maji?

Nimemwambia ndiyo, Mama, kila siku.

Kambini kwetu bomba liko njiani. Kila mtu hujichotea mwenyewe.