Vidonge Katika Kopo la Vifungo

Mdogo wangu Mnara,

Pokea salamu kutoka chumba cha mbele, ambako cherehani imefunikwa shuka na haijalia tangu juzi. U hali gani? Tafadhali usinijibu kwamba u mzima kama ulivyozoea, maana safari hii nauliza kwa kutaka kujua. Unalala? Unakula? Mikono yako ikoje? Sisi huku tuko salama, na Mama ni mzima. Nalisema hilo mapema ili usome mengine bila kuruka mistari. Ila juzi nusura tumpoteze, na nimeshika kalamu kwa sababu simu yako ilikuwa ikiita mpaka inakata, na leo haiiti kabisa.

Unazijua asubuhi za nyumba hii. Nikianza tu kukanyaga cherehani, Mama hulalamika kutoka chumbani kwake kwamba watu wengine nawashonea nguo, yeye namshonea sanda. Nimeshazoea, bila lalamiko hilo siku haijaanza. Juzi nilishona sare za shule, nikapiga pindo, nikatia vifungo, na sikusikia neno. Nikafurahi, mdogo wangu, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Nilijisemea kwamba leo bibi mkubwa kapata usingizi wa haki, nikawa nakanyaga taratibu nisije nikamwamsha.

Nilipompelekea chai nilimkuta anakoroma mkoromo nisioujua. Anavuta pumzi moja, kisha kimya, kimya kirefu mpaka nami nikajikuta nimebana ya kwangu, ndipo anavuta nyingine. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwita, nikamtikisa, nikamfuta uso kwa maji baridi. Alifungua jicho nusu, akalifunga tena. Nilipiga ukelele ambao jirani yetu seremala anasema aliusikia kupita kelele za msumeno wake. Tulimbeba mimi na yeye, tukamlaza kwenye gari lake katikati ya mbao, na njia nzima nilimwekea kiganja puani kuhakikisha bado anapumua.

Hospitalini alitupokea daktari mmoja mfupi, mkavu wa maneno. Walimvisha Mama kifaa cha hewa, kisha akanigeukia akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa. Nilisema tangu Baba atutoke Mama hapati usingizi na moyo humwenda mbio bila sababu, kwamba kliniki ilimwandikia kidonge kimoja kila jioni, na kwamba mimi mwenyewe humpa mkononi na kusimama pale mpaka ameze. Akaniuliza kama nina uhakika ni kimoja. Nikakaribia kumkasirikia. Akasema mwili ule haukulazwa na kidonge kimoja, nikalete kila dawa iliyomo ndani ya nyumba.

Basi nikakimbilia nyumbani nikarudi na kopo la vifungo. Unalijua, lile la bati lililo juu ya kabati. Humo ndimo ninamoweka vidonge vya Mama, na huwa navikata kimoja kimoja na karatasi yake ngumu ili asihangaike kuvitoa. Daktari alilimimina lote mezani. Vikatoka vifungo vya mashati, vya makoti, na vidonge, na vidonge vilikuwa vingi kuliko nilivyoweka. Vyote vyeupe, vyote vimekatwa. Vingine vilikuwa vimekatwa kombo, na wewe unanijua, mimi sikati kombo hata nikiwa na homa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mkasi wangu wa vitambaa ulikuwa umeanza kutafuna nguo. Nilikuwa nimemnunia fundi mwenzangu wa meza ya pili kwa sababu ya mkasi ule, maskini ya Mungu, kumbe mtu alikuwa akiukatia pakiti za vidonge.

Daktari aliuliza vile vya kombo vinaitwaje. Jina lilikuwa limekatwa vipande, huku herufi mbili, huku tatu, na pale penye nguvu ya dawa hapakubaki kitu. Alinieleza bila kupamba maneno kwamba dawa ya kutuliza ikikatwa jina lake hakuna anayejua anachomeza, na kwamba dawa mbili za namna hiyo zikikutana ndani ya mtu mzima wa umri wa Mama, huanza kwa kulaza akili na kumalizia kwa kulaza pumzi. Mchana kutwa nilikaa kwenye benchi la ubao nikihesabu pumzi kupitia mlango ulioachwa wazi, na kila ilipochelewa moja nilisimama.

Jua lilikuwa linashuka Mama alipofungua macho. La kwanza aliuliza kama nimemaliza zile sare. Nililia, nikacheka, nikamkemea, vyote kwa pamoja.

Sasa sikiliza alichoniambia. Alisema vile vya kombo ni vyako. Kwamba alikulalamikia kwenye simu kuwa usingizi bado wa mang'amung'amu, nawe ukaanza kumtumia vidonge ndani ya bahasha kwa mkono wa dereva wa lori, naye akawa anavikata kwa mkasi wangu na kuvichanganya na vile vya kopo ili nisijue. Nilimuuliza kwa nini basi hakuacha kimoja akatumia kingine. Akaniangalia kama niliyeuliza swali la kitoto. Alisema changu alimeza kwa sababu nilikuwa nimemsimamia, na chako alimeza kwa sababu umekituma kutoka mbali, na yeye hajawahi kukataa cha mtoto mmoja akapokea cha mwingine. Ndivyo alivyotulea. Siku za ugomvi wetu alikuwa akila kwangu akashiba, kisha akaenda kula kwako. Nani angedhani upendo ule ule ungemfikisha kwenye kitanda cha hospitali?

Nilidhani hapo mambo yamekwisha. Nilimweleza daktari, nikasema wewe ndiye mwenye vidonge, uliandikiwa baada ya mwenzako kuanguka kutoka kwenye jengo mbele ya macho yako. Daktari aliweka kalamu chini. Akaniuliza, kama mdogo wako amempa mama yake vidonge vyake, yeye sasa anameza nini?

Mnara, nilitoka mbio. Nilirudi kwa Mama, naye akasema wewe mwenyewe ulimwambia huvihitaji tena, na bahasha ya mwisho ilikuja na vyote vilivyobaki. Mama alifurahi. Kila alipomeza kimoja alishukuru kwamba umepona. Na mimi nikakumbuka siku uliponiambia unaogopa kupanda kwenye kreni, nikakucheka, nikasema mnara gani huo unaoogopa urefu. Nilikucheka, nawe ukanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayemcheka mgonjwa ndiye anayemfundisha kuficha. Nisamehe.

Jana dereva wa lori alipita kuchukua mzigo wa kuondoka nao leo. Nilimbana, akasema alikukuta umeloa jasho kivulini, na kwamba kikombe kilikutetemeka mkononi hadi chai ikamwagika, nawe ukasema ni uchovu tu. Si uchovu, mdogo wangu. Daktari anasema mwili uliozoea dawa hizi ukinyimwa ghafla hugeuka. Usingizi hukimbia, hofu hurudi kubwa kuliko ilivyoondoka, na mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho. Nawe unafanya kazi juu ya paa za watu, chini yako kuna vichwa vya wenzako. Asema huziachi kwa siku moja, unapunguziwa kidogo kidogo na mtu aliyekuandikia. Usiazime kwa rafiki, usijipimie mwenyewe, na usijitulize kwa pombe, ndiyo mbaya kuliko zote.

Usihangaike kuhusu Mama. Amebakiziwa dawa moja, katika pakiti yake yenye jina, na vile vya kombo hospitali imevichukua. Mkasi nimeunoa. Mama anakusalimu sana, anasema hajakukasirikia, na anakuomba umtumie sauti yako tu, hataki bahasha. Seremala naye anakusalimu.

Barua hii sikuifunga, na nimemkataza dereva kuiacha mlangoni. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uimalize. Analalamika mzigo wake utachelewa, nimemwambia uchelewe. Kwa hiyo inua uso sasa, yuko hapo mbele yako. Usirudi juu kuchukua koti, wala usiage mtu. Injini inanguruma, na njia yake inapita hospitali ulikoandikiwa dawa. Panda.

Ni mimi dada yako,
Fundi.