Kwa Riziki, Aliyekimbia Kemia

Mpendwa Riziki, mtoto wa dada yangu,

Kwanza mshukuru Mungu kwamba mtu wa cheo changu amepata nafasi ya kukuandikia. Unajua mwenyewe kuwa Rumonge haiamki mpaka mimi nikohoe. Wiki hii tu wamenijia watu watatu kutaka ushauri: mmoja wa mashine ya kukamua mawese, mwingine wa ndoa, wa tatu wa jino. Wote nimewaambia wangoje, ninaandika barua. Yule wa jino amelia kidogo lakini ameelewa.

Bahasha sijaifunga. Najua mama yako mdogo Zawadi, ambaye umejificha kwake huko Nyanza-Lac, ataisoma kabla yako, na kumkataza mwalimu kusoma ni kazi bure. Dada yangu, amahoro, amani iwe kwako. Ukimaliza, mpe mwenyewe.

Riziki, unaikumbuka siku niliyokupeleka chuoni? Gari liliacha ziwa likaanza kupanda milima, masikio yakakuziba, ukanishika mkono wa koti kama bado una miaka sita. Nilivaa ile suti ya bluu. Kwenye kizuizi polisi alinipigia saluti, na wewe mpaka leo unasema alikuwa anafukuza nzi. Hilo tuliache. Miguuni petu ilikuwepo bidoni ya lita tano, mawese ya mashine yangu, mekundu kama jua la jioni, na nilikuambia mbele ya abiria wote, "Haya ni mafuta ya Rumonge, mwanangu. Hayajui kuganda."

Sisi watu wa ziwani tunajua nini kuhusu kuganda? Joto la kwetu linayaweka majimaji mwaka mzima.

Siku ya tatu ukanipigia simu. "Mujomba, mafuta yako yamekuwa jiwe! Nimeipindua bidoni kichwa chini tangu asubuhi, hata tone!"

"Yape muda," nikakujibu. "Yanaona haya ugenini."

Nilisikia kicheko kingine nyuma yako. Huyo alikuwa Devota, mliyepangiwa chumba kimoja, mtoto wa milima hiyohiyo. "Hawa watu wa Rumonge!" alisema. "Mafuta wanayatia mu kitu cha shingo nyembamba, sasa yatatoka na nini?" Kwao mafuta yanakaa kwenye chungu chenye mdomo mpana na yanachotwa kwa kijiko, na kila mtoto anajua. Wewe ulikuwa unaihurumia bidoni kwa sababu ni yangu. Mwishowe ukachukua kisu. Uliniambia, "Mujomba, nimeikata shingo. Ukitaka kulia, lia sasa, salio linaisha." Muhula mzima mkala maharage ya Devota kwa mawese yangu. Sijawahi kusikia maharage yamesifiwa namna ile, na bila shaka sifa zilikuwa za mafuta.

Ukweli ni kwamba chuo hakikukupa ulichokiomba. Uliomba uuguzi, wakakuandika maabara. Ulilia siku mbili, ya tatu ukaenda kununua koti jeupe. Wewe unaamka alfajiri kuswali, Devota alikuwa anataka kulala. Mkapatana kwamba ukiamka nawe umwamshe asome, naye mwezi wa Ramadhani atakuwekea sahani yako chini ya kifuniko, asiruhusu mtu kuigusa. Mimi nimesuluhisha magomvi ya wavuvi kuanzia hapa mpaka Muhuta, na sijaona mkataba mzuri kama ule. Haukuwa hata na karatasi.

Halafu ile likizo ulipokuja. Tulikuwa ufukweni, mama yako anaanika visamaki vyake vya ndagala, ukaniambia, "Mujomba, nimekiona kijidudu cha malaria. Kwa macho yangu, ndani ya tone la damu." Ukachora kwa kidole mchangani: duara, na ndani yake kitu kama pete ndogo. Ulikuwa unachora upesi, wimbi linafuta, unachora tena. Riziki, nimekujua tangu unazaliwa, sijakuona na uso ule siku nyingine yoyote.

Na mimi nikafanya nini? Nikaenda sokoni nikasema hata mimi nimekiona kile kijidudu, kina ukubwa wa ndagala, na kina masharubu. Nikasema mpwa wangu ni daktari. Nikakuita hivyo asubuhi na jioni, mpaka wenye baiskeli wakawa wanakusimamisha barabarani wakuoneshe vidonda.

Ndiyo maana ulipoanguka kemia, tisa juu ya ishirini, hukushuka Rumonge. Gari lilisimama pale stendi ukabaki umeinama kwenye kiti mpaka likaondoka kwenda Nyanza-Lac. Kabla hujazima simu ulinitumia maneno haya tu: "Umeniita daktari mbele ya soko zima. Nirudi vipi?"

Maneno hayo nimekaa nayo. Mimi si mtu wa kukaa na maneno. Kwa kawaida yakinijia nayatoa hapohapo. Basi Jumanne nikaenda sokoni, nikasimama kati ya wauza samaki, nikasema kwa sauti: "Jamani, Riziki si daktari. Anasomea maabara mwaka wa kwanza, na ameanguka kemia. Daktari nilimtunga mimi."

Nilitegemea kimya. Mama Fina, yule muuza ndagala mnene asiyepunguza bei, hata kichwa hakuinua. "Ndiyo habari hiyo? Sisi tulijua zamani. Kila mutu wako ni daktari, kila kuku yako ni ng'ombe." Watu wakacheka mpaka nikaona joto shingoni. Kisha akasema, "Mimi ndagala zangu zimenyeshewa mara ngapi? Nazianika tena. Mwambie mutoto aanike tena. Sasa nunua ama pisha wateja."

Nikanunua. Ghali sana.

Kwa hiyo njia ya nyumbani iko wazi. Hakuna anayekuita daktari tena. Mama yako haulizi kitu, ila gari likisimama anaacha kugeuza samaki na kutazama mlangoni mwa gari, mpaka abiria wa mwisho ashuke.

Sasa nisikilize jambo moja ambalo sijalipamba. Tuliporudi kutoka Tanzania, mimi na mama yako mdogo tulikuwa tumeshafika mbali shuleni kule kwenye kambi ya wakimbizi. Hapa wakasema Kifaransa hatuna, turudi nyuma madarasa mawili kwenye kolezi, sekondari yao, tukae na watoto. Mimi nilikuwa nimeanza ndevu. Nikasema hapana, na nilisema vizuri, mbele ya watu, nikatoka mlangoni kifua mbele. Zawadi akasema sawa. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Alikaa kwa ubavu mwaka mzima, nami nilikuwa napita dirishani namcheka, namwita bibi wa darasa. Leo yeye ndiye anafundisha. Mimi nina mashine ya mawese, na hesabu zake ananifanyia mtu.

Mwalimu aliyeturudisha nyuma hakuwa adui yangu. Ilinichukua miaka mingi kulijua hilo, na kama angekuwepo mtu wa kuniambia siku ileile, nadhani ningempiga. Wewe huna ndevu na huna hasira zangu. Una somo moja. Sesheni ya pili, ile mitihani ya kurudia, inaanza Jumatatu ijayo, majina wanayafunga Alhamisi. Fomu iko humu ndani, nimejaza jina lako na la baba yako kwa mwandiko wangu bora. Pa kutia sahihi pamebaki wazi. Devota amenipigia, anasema daftari zake za kemia una ruhusa ya kuzitumia, na anauliza kama utakuja na mafuta. Nimeyatia kwenye ndoo pana.

Ukianguka tena, utarudia mwaka, na mimi nitakupeleka tena. Usipotia sahihi, sitakuja kugomba, na mlango wangu hautafungwa. Ila ile pete ndogo uliyochora mchangani, sijui atakayeichora ni nani.

Nakuaga hapa, mpwa wangu, kwa sababu yule wa jino amerudi. Murakoze kwa kunisoma mpaka chini.

Lakini kabla sijatia sahihi yangu, kuna kitu kidogo. Fomu hii nilitaka kukupa mkononi. Jumamosi nilikuja Nyanza-Lac, nikafika mpaka kwenye ua wa Zawadi, nikakusikia ndani unacheka naye. Nikashindwa kupiga hodi. Niliogopa utaniambia hapana, na mimi naijua ile hapana ilivyo tamu siku mtu anapoisema. Jirani akaniuliza ninatafuta nini pale uani nimevaa suti. Nikamwambia natafuta mbuzi wangu. Ni mtu mwema sana yule, Riziki. Tulimtafuta mpaka adhuhuri.

Mjomba wako, kaka wa mama yako